Jinsi ya Kuishi na Paka Mwoga Anayewakimbia Wageni

Wengi wanaonijia na paka wa aina hii huomba niwafundishe namna ya kumtoa uvunguni ili mgeni apate kumwona, na jibu langu huwa ni moja: msimtoe. Maficho ndiyo yanayomwezesha paka kuvumilia ujio wa mtu asiyemjua, na kadiri anavyothibitisha kwamba hakuna atakayemfuata huko, ndivyo anavyopata ujasiri wa kutoka mwenyewe. Kinachopaswa kurekebishwa ni mpangilio wa nyumba na mwenendo wa wageni.

Wala usidhani kwamba ni lazima aliwahi kupigwa. Paka huzoea watu kwa urahisi zaidi akiwa na umri wa wiki 2 hadi 7 hivi, na aliyekosa kushikwa na watu katika kipindi hicho, au aliyerithi woga kwa baba yake, anaweza kubaki mwoga hadi uzeeni ingawa hajatendewa ubaya wowote.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba si ugonjwa. Paka aliyekuwa akiwalaki wageni kisha akaanza kujificha ghafla apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa maumivu ya meno au ya viungo nayo humfanya ajitenge.

Hatua ya 2: Mwandalie maficho. Chagua chumba kilicho mbali na mlango wa mbele. Chukua boksi la kadibodi linalomtosha kujikunja na kugeuka, lilaze ubavu, toboa tundu la pili upande wa nyuma ili asijione amenaswa, kisha tandika ndani kitambaa anacholalia siku zote bila kukifua, maana harufu yake mwenyewe humtuliza. Awe na maji karibu, na mbali kidogo na maji hayo chombo chake cha mchanga wa choo, ili asilazimike kukatiza sebuleni wageni wakiwapo. Boksi tupu si jambo dogo: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Utrecht, Uholanzi, ulionyesha kwamba paka waliofika karibuni kwenye makao ya wanyama wakapewa maboksi ya kujifichia walitulia mapema kuliko wenzao wasiopewa. Nafasi za hatari, kama vile nyuma ya jokofu, zizibe mapema, siyo wakati ameshaingia.

Hatua ya 3: Mzoeshe sauti ya mlango. Mara nyingi hofu huanza kengele inapolia, hata kabla mgeni hajaonekana. Rekodi sauti hiyo kwenye simu na uicheze kwa sauti ya chini sana, ukimpa papo hapo kipande cha chakula anachokipenda kuliko vyote. Ongeza sauti kidogo kidogo siku zinazofuata, na akiacha kula, ipunguze tena.

Hatua ya 4: Mwelekeze mgeni. Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu wanaowapenda paka ndio hasa wanaowatisha: huinama, huita, hunyoosha mikono na kukaza macho. Anza na mgeni mmoja mtulivu. Mwombe aketi, azungumze nawe kwa sauti ya kawaida, na asimjali paka kabisa, hata akijitokeza mlangoni. Paka akishaingia chumbani, mgeni anaweza kurusha taratibu kipande cha chakula upande ule ule aliko paka, asimvute kuja karibu. Macho yao yakikutana, ayafumbe nusu na kuyafumbua polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2020 kwamba paka hupenda zaidi kumsogelea mtu wasiyemjua anayefanya hivyo kuliko anayewatazama bila kubadilisha uso.

Akimkaribia mgeni, anyooshewe kidole kimoja usawa wa pua, anuse. Akisugua shavu lake kwenye kidole, anaweza kukunwa mashavuni au chini ya kidevu kwa muda mfupi, kisha mkono uondolewe kabla hajachoka. Tumbo lisiguswe. Masikio yakilala, mboni zikipanuka ilhali chumba kina mwanga, au mwili ukijikunyata chini, aachwe aende zake.

Hatua ya 5: Siku ya wageni wengi. Usiitumie kumfundisha. Mpeleke chumbani kwake kabla hawajafika, funga mlango, na uwaambie wote, hasa watoto, kwamba chumba hicho hakiingiwi. Ikiwa hata hivyo hutetemeka au hujikojolea, daktari anaweza kumwandikia dawa ya kumtuliza siku kama hiyo. Dawa za binadamu usimpe kamwe.

Hatua ya 6: Wakishaondoka. Fungua mlango na uendelee na shughuli zako, atoke atakapotaka. Angalia kama anakula na kukojoa. Akipitisha siku nzima bila kula, mpigie daktari, kwa kuwa paka anayeshinda na njaa anaweza kuathirika ini. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo apelekwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu msongo huweza kuchochea uvimbe wa kibofu, njia yake ya mkojo ni nyembamba, na ikiziba anaweza kufa.