Kupanga dilei ya wofa na honi kwenye bafle la seremala

Mabafle (maboksi ya spika) mengi yanayochongwa hapa Goma yana wofa, yaani spika ya besi, ya inchi 15 chini na honi ya sauti za juu, na ubao wa mbele umesimama wima. Besi unaisikia, sauti kali za juu unazisikia, lakini sauti ya mhubiri ina pengo katikati. Wengi hukimbilia ikwalaiza. Iache kwanza, panga dilei, yaani kuchelewesha sauti ya spika moja ili ifike pamoja na nyingine.

Drayva ya honi (kifaa kinachotoa sauti yake) imekaa nyuma, kwenye shingo ya honi, wofa iko mbele. Zinaanza pamoja, hazifiki pamoja. Kwenye nyuzi 20, joto letu la kawaida, sauti huenda mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34.3 kwa milisekunde. (Kuwa juu milimani hakubadilishi kitu, joto ndilo linalobadilisha.) Krosova (mpaka unaogawa sauti kati ya wofa na honi) ikiwa Hz 1,500, wimbi zima ni sentimita 23. Honi ikichelewa nusu yake, wofa inasukuma hewa huku honi inavuta, na sauti zinauana.

Hatua ya 1. Pima kwa utepe drayva iko nyuma ya wofa kwa kiasi gani, gawa kwa 34.3. Sentimita 11.5 ni milisekunde 0.34. Dilei hiyo iweke kwenye wofa, maana iliyotangulia ndiyo inayongojeshwa. Hapo ni pa kuanzia tu: vichujio vya krosova navyo huchelewesha.

Hatua ya 2. Toa bafle nje katikati ya parseli, juu ya meza, mbali na kuta. Maikrofoni ya kupimia ikae mita 2 mbele, kimo cha kati ya wofa na honi. Programu ya REW, inayochora vipimo vya sauti kwenye kompyuta, ni ya bure.

Hatua ya 3. Pima kila moja peke yake, zilingane nguvu kwenye krosova.

Hatua ya 4. Hii ndiyo yenyewe. Ukitumia krosova ya Linkwitz-Riley ya dB 24 (aina ya kichujio kinachokata kwa ukali), geuza nyaya za honi, chanya kwa hasi. Pima zote mbili, sogeza dilei kwa milisekunde 0.02 mpaka shimo la mchoro kwenye Hz 1,500 liwe refu kuliko yote. Usiende mbali na namba ya utepe: wimbi zima pembeni, kama milisekunde 0.67, kuna shimo jingine la uongo.

Hatua ya 5. Rudisha nyaya. Shimo linajaa.

Dilei hii ni sahihi kwa kimo kimoja. Anayesimama chini kabisa ya bafle atasikia pengo tena, basi liinamishe kidogo kuelekea viti vya katikati.