Chini ya mwembe nyasi zimegoma? Weka tradeskantia

Wenye mti mkubwa uani wanajua, unapanda nyasi zinashika wiki mbili tatu halafu zinageuka njano zinakufa, kinabaki kipara cha udongo na mvua ikinyesha tope linaruka mpaka ukutani. Mi nilihangaika na paspalamu mara mbili chini ya mwembe wangu, ndo nikaachana nayo nikaweka tradeskantia zebrina, ule mmea unaotambaa wenye mistari miwili ya fedha kwenye jani na chini yake zambarau, hilo zebrina ni kwa ajili ya hiyo mistari kama ya pundamilia. Ni ndugu na lile gugu la kiua cha bluu tunalowakatia sungura, kwa hiyo ugumu wake mnaujua.

Hela usitoe, omba pingili kwa jirani. Kata urefu wa kidole hivi, ziwe na vifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) 3 au 4, toa majani ya chini, choma ardhini vifundo 2 vizame, yaani kama unavyopanda matembele. Achanisha sm 15 mpaka 20. Usichimbe sana utakata mizizi ya mti, we mwaga juu udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, nchi 2 zinatosha, pandia humo. Mwagilia mpaka zishike, baada ya hapo subiri udongo ukauke juu, maji yakituama shina linaoza.

Kazi yenyewe iko kwenye kivuli. Jua la saa saba likiipiga moja kwa moja majani yanaungua kingo, ila kivuli kikiwa kizito kabisa ile fedha inafifia, shina linarefuka vifundo viko mbalimbali na maua huyaoni. Kwangu upande wa ukutani ilikuwa hivyo hivyo, nikapogoa matawi mawili ya chini ya mwembe jua la asubuhi likapenya, majani mapya yakatoka yanang'aa kama karatasi ya sigara na viua vya pinki vya petali 3 vikaanza. Vidogo kweli, na kila kimoja kinafunguka siku moja tu, lakini ukiamka asubuhi uvikute vimetapakaa pale palipokuwa kipara, aisee raha.

Ikianza kukonda katikati kata ncha, itachipua pembeni, na hizo ncha zipandie kwenye mapengo.

Vaa glavu, utomvu wake unawasha watu wengine, na mbwa akizoea kulala juu yake atajikuna tumbo mpaka basi. Na tafadhali sana mabaki usitupe mtaroni wala porini, kipande chenye kifundo kimoja tu kinaota, kule Afrika Kusini mmea huu umeshawekwa kwenye orodha ya mimea vamizi. Mi nayafunga kwenye mfuko mweusi nauacha juani mpaka yaoze kabisa, ndo nayapeleka shimo la taka.