Floraidi kwenye maji ya kunywa: kupima, kuchanganya, kuchuja

Ukiishi Arumeru, Hai, Hanang, Singida, Shinyanga au ng'ambo ya mpaka kule Nakuru na Naivasha, mwulize anayekuletea maji swali ambalo jibu lake ni namba: floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, ni miligramu ngapi kwa lita? Macho na ulimi havitakusaidia, kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu, na kwenye maji ya kisima cha kawaida huwezi kuionja. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana mara kadhaa, hivyo majibu ya jirani si majibu yako.

Chanzo kikubwa cha floraidi ni miamba ya volkano ya Mlima Meru na Bonde la Ufa. Maji ya huko yana sodiamu nyingi na kalisiamu kidogo. Kalisiamu ndiyo inayoishika floraidi na kuituamisha ardhini. Ikikosekana, floraidi inabaki ndani ya maji na inafika kwenye ndoo yako.

Namba unayoitafuta

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho kiwango cha sasa cha Tanzania na cha Kenya. Chini ya hapo, floraidi kidogo inasaidia meno yasioze. Marekani, ambako sehemu nyingi huiongeza makusudi kwenye maji ya bomba, kiwango kinachopendekezwa tangu 2015 ni 0.7. Kwa hiyo huhitaji kufika sifuri. Lenga kati ya 0.5 na 1, kwa sababu kwenye joto watu hunywa maji mengi na kila lita huongeza kipimo.

Ukivuka 1.5, meno ya watoto yanaanza kuota na madoa meupe, kisha kahawia. Kati ya 3 na 6, kwa miaka mingi, mifupa na viungo huanza kukakamaa. Zaidi ya 10 kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Kuwa makini na hati za zamani. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4, ndipo ikashuka hadi 1.5. Cheti cha kisima kilichochimbwa enzi hizo kinaweza kusema "yanakidhi kiwango" na bado maji yakawa na mara mbili au zaidi ya kikomo cha leo. Usikubali neno "yanafaa" pasipo namba na tarehe.

Kuchukua sampuli

Tumia chupa ya plastiki ya nusu lita au lita moja. Epuka chupa ya kioo, kwa kuwa floraidi na kioo huathiriana na majibu hupotoka. Acha bomba litiririke dakika tatu hivi, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo bila sabuni, jaza, funga, andika chanzo, tarehe na saa. Floraidi haipotei upesi, kwa hiyo huna haja ya barafu. Peleka ndani ya wiki chache kwenye maabara ya maji ya mkoa au kanda iliyo chini ya Wizara ya Maji. Pima mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, maana kiwango cha chemchemi na visima vifupi hupanda na kushuka.

Kama maji yametibiwa kwa shabu, mwambie mpimaji. Alumini inayobaki huishika floraidi, na baadhi ya vipimo vya rangi hutoa namba ya chini kuliko hali halisi. Kipimo cha elektrodi chenye dawa ya kuiachanisha alumini ndicho cha kuamini hapo.

Njia zisizosaidia

Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale ndani ya maji machache zaidi. Klorini, kuanika chupa juani, kitambaa, chujio la udongo na mkaa wa kuni navyo haviiondoi. Familia nyingi zinachemsha kwa bidii kila siku zikiamini zimemaliza kazi, na hili linaumiza kwa sababu bidii hiyo ingetosha kabisa kwa njia sahihi. Mashine za kuchuja kwa shinikizo kupitia utando mwembamba huondoa sehemu kubwa ya floraidi, ila hutupa maji mengi na zinahitaji umeme na vipuri.

Kuoga, kufua na kuosha vyombo hakuna tatizo, kwa sababu floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kuhofia. Unachohitaji kutibu ni maji ya kunywa na kupikia tu, na kwa watu watano ndoo moja ya lita 20 kwa siku inatosha.

Anza na mvua

Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno, na kuyachanganya na ya kisima ndiyo njia rahisi kuliko zote. Gawa namba ya kisima chako kwa 1.5, kisha pandisha hadi namba nzima. Hizo ndizo sehemu zote za mchanganyiko, na sehemu moja tu ni ya kisima. Kisima chenye miligramu 4 kinakupa sehemu 3: ndoo moja ya kisima kwa mbili za mvua, na mchanganyiko unafika karibu 1.3. Kisima chenye miligramu 6 kinatoa 4 kamili, basi ongeza sehemu moja ya tahadhari: moja ya kisima kwa nne za mvua.

Kwa uwiano wa moja kwa mbili, ndoo ya lita 20 inakula lita 13 na kitu za mvua. Simtanki la lita 2,000 lililojaa mwishoni mwa Mei linakuvusha siku 150, yaani hadi mwisho wa Oktoba. Bati la mita 30 za mraba likipata milimita 100 za mvua hutiririsha takriban lita 3,000 kabla ya upotevu, kwa hiyo hata nyumba ndogo inajaza tanki. Mvua ya kwanza iache imwagike, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, na maji ya kunywa yachemshe.

Mkaa wa mifupa

Pasipo na mvua ya kutosha, mkaa wa mifupa ya ng'ombe ndio unaofanya kazi vizuri majumbani. Kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimeushughulikia kwa miaka mingi, na Nakuru pia hutumika. Mifupa huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo kwa nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, kisha husagwa kuwa punje kama chenga za mchele. Usichome mwenyewe. Ikiungua kupita kiasi inakuwa myeupe na kupoteza nguvu, na isipoiva maji yatanuka na kuwa ya njano. Muuzaji akuambie mifupa ni ya mnyama gani. Ni haki yako kwa imani yako.

Hesabu ya maisha ya chujio ni hii. Chukulia, kwa tahadhari, kwamba kilo moja inashika gramu 2 za floraidi. Maji yenye miligramu 5 unayotaka yashuke hadi 1 yanaacha miligramu 4 kwa kila lita, yaani 80 kwa lita 20 za siku. Kilo 10 zitashika gramu 20, sawa na siku 250. Maji yakiwa na 10, kilo zilezile zinakwisha kwa siku 111 hivi. Andika tarehe ya kubadilisha kwenye ndoo yenyewe.

Suuza mkaa mpya hadi maji yatoke maangavu, na maji hayo yamwage. Chujio la kilo 10 lisitoe zaidi ya lita 10 kwa saa: chupa ya lita moja ichukue dakika 6 au zaidi kujaa. Bomba la kutolea lipande juu kidogo ya mkaa ili mkaa usikauke kamwe. Ukikauka, hewa huingia, maji hujitafutia njia za mkato na kupita bila kuguswa. Baada ya kuchuja, chemsha au tia klorini, maana bakteria huweza kukaa ndani ya mkaa.

Hatari kubwa ni kwamba chujio lililochoka halitoi ishara. Maji yanabaki maangavu na matamu huku floraidi imerudi. Pima maji yanayotoka kwenye chujio kila miezi miwili.

Shabu na chokaa

Njia hii hutumia ndoo mbili, ya juu ikiwa na bomba sentimita 5 kutoka kitako. Kwa lita 20, tia gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa kwa pamoja. Pima kwa mizani ya sonara na ufunge vipakti, kwa kuwa kijiko hudanganya. Koroga kwa kasi ukihesabu hadi 60, kisha polepole ukihesabu hadi 300. Acha saa moja, halafu fungulia maji yapite kwenye kitambaa kuingia ndoo ya chini. Usiache maji yalale juu ya tope, kwani floraidi huachia na kurudi. Tope fukia mbali na kisima.

Dozi hiyo ilipojaribiwa Tanzania ilishusha maji yenye miligramu 12.5 hadi karibu 2.1. Ni nafuu kubwa lakini bado juu ya kikomo, kwa hiyo changanya na mvua. Chokaa ikizidi, uchujaji hudhoofika na alumini hubaki majini.

Watoto kwanza

Meno ya kudumu hujengwa ndani ya fizi hadi kama miaka 8, na doa likishaingia haliondoki kwa mswaki. Kama maji ni machache, wape watoto wa umri huo kwanza. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji mabaya, basi nyonyesha bila kitu kingine kwa miezi 6, kisha uji na maziwa ya kopo yapikwe kwa maji yaliyotibiwa.

Angalia magadi. Yale ya kulainishia makande na kiburu yanaweza kubeba floraidi nyingi, na sehemu za Kilimanjaro ambako maji hayana tatizo watoto wamepata madoa kwa sababu hiyo. Loweka maharage usiku kucha badala yake. Majani ya chai nayo yana floraidi, kwa hiyo chai ya rangi isiwe kinywaji cha mtoto. Dawa ya meno kwa walio chini ya miaka 3 iwe ukubwa wa punje ya mchele, kisha ya njegere hadi miaka 6, na waiteme.

Kumwuliza mtoa huduma

Omba kwa maandishi namba ya floraidi, tarehe ya kipimo na chanzo kinacholisha mtaa wako. Mamlaka zenye vyanzo vingi huchanganya maji, na chanzo kimoja kikizimwa kwa matengenezo, namba inaweza kupanda. Uliza hasa kuhusu siku hizo. Mjini, usipojibiwa na mamlaka, nenda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kijijini anza na chombo cha watumia maji, kisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, ukiwa na nakala ya majibu yako ya maabara.