Kabla hujaomba udaktari, itazame na F yako ya hisabati

Kila Januari yakitoka matokeo ya kidato cha nne, hapa Chake, Pemba, hunijia vijana wawili watatu kuniuliza mtu huwaje daktari. Wengi hunitajia Baiolojia tu. Mimi nataka masomo yote, mpaka lile la mwisho ambalo mtu analificha kwa kidole gumba.

Kombi ya kidato cha tano na sita ni PCB: Fizikia, Kemia, Baiolojia. CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) haikufikishi, hata upate A tatu. Jiografia haikai mahali pa Fizikia. Skuli yenu haina mwalimu wa Fizikia? Tafuta tuisheni, uza karafuu, fanya utakalofanya, lakini usilikimbie somo.

Kidato cha sita kima cha chini cha kuomba ni D tatu, yaani pointi 6. Hapo wengi huchanganyikiwa, maana chuo huhesabu A kuwa 5 na E kuwa 1, na divisheni huhesabu kinyume, A ni 1 na ndogo ndiyo nzuri. Mwenye D tatu ana divisheni ya pili ya pointi 12 na anatamba mtaani, kumbe chuoni yuko ukingoni kabisa. Kuruhusiwa kuomba si kupata nafasi.

Praktiko usizidharau. Kama maabara yenu ina bureti mbili kwa darasa zima, wahi uwe wa kwanza kuishika.

Sasa njia ya diploma, yaani uanze na diploma ya utabibu ndipo uombe digrii ya udaktari. Hiyo ndiyo iliyonichoma mimi.

Kidato cha nne nilipata Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D, Kiingereza D. Hisabati F. Nyumbani hakuna aliyehuzunika, kwani diploma ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ukiwa nazo ni heri, ukizikosa unaingia. Siku ya usajili nilimuuliza aliyekuwa dirishani kama F hii haitanisumbua. Hakuinua hata kichwa: "Hapa haitakiwi hiyo." Wala hakunidanganya. Hapo haikutakiwa.

Nikasoma miaka mitatu, nikatoka na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.9, nikaajiriwa. Nikitibu vichomi na kushona majeraha, na kila siku nikipiga hesabu za dozi za watoto kwa kilo, hesabu zile zile zilizonipa F. Mwaka wa tatu kazini nikaomba digrii. Jibu: huna sifa. Nikadhani mtandao umekosea, nikapanda boti hadi Unguja kuuliza. Dada mmoja akafungua mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ule wa wenye diploma (miongozo iko miwili, na mimi nilikuwa nimesoma wa kidato cha sita!), akaweka kidole kwenye mstari: diploma ya utabibu yenye GPA isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

"Kaka, umekwama kwenye hisabati."

Ilikuwa Septemba. Watahiniwa wa kujitegemea husajiliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo mtihani wa Novemba ile ulikwishanipita. Nikangoja Januari nijisajili, Novemba nikafanya, Januari nyengine nikapata matokeo, maombi yakafunguliwa Julai. Karibu miaka miwili kwa somo moja. Tuisheni nilisomeshwa na kijana niliyewahi kumshona goti alipokuwa mtoto wa skuli, na hakunionea haya. Nikikosea alikuwa ananifutia ubao. Siku ya mtihani watoto waliniamkia shikamoo wakidhani mimi ndiye msimamizi, nami nikatafuta dawati langu. Nilipata C. Naitaja kuliko ile GPA.

Kwa hiyo wewe anza kusoma masharti ya digrii, ndipo urudi kwenye ya diploma. Aliyeko dirishani atakujibu ya dirisha lake tu. Ukiwa na F, irudie mwaka wa kwanza wa diploma, fomula zikiwa bado hazijakutoka. Hisabati angalau haina praktiko; ukidaiwa Kemia, kabla hujalipa hakikisha kituo unachojisajili kina maabara.

Mwongozo hutoka kila mwaka. Soma wa mwaka wako, si ile picha inayozunguka wasapu tangu zamani.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa Khamis, cha mtihani Hamisi: shughulikia sasa, usingoje wiki ya maombi. Fedha pia zipigie hesabu mapema, kwani ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mmoja wa mazoezi hospitali. Wanaotaka kwenda nje waulize kwanza Baraza la Madaktari kama chuo hicho kinatambuliwa, kabla wakala hajala amana yao. Nakala za vyeti weka nyingi, na cheti halisi usimwachie mtu, hata akiwa ami yako. Changu kililala miezi minne kwenye droo ya mtu Mkoani, na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri.