Namba za Njia ya Kurukia Ndege: Jinsi ya Kuzisoma na Kuzitumia Wakati wa Kutua

Namba kubwa nyeupe iliyochorwa mwanzoni mwa njia ya kurukia ndege ni usomaji wa dira. Chukua mwelekeo wa njia kwa kaskazini ya sumaku, uukadirie kwenye kumi iliyo karibu, kisha ufute sifuri ya mwisho. Njia inayoelekea nyuzi 224 huwa 22, na ya nyuzi 226 huwa 23. Kaskazini huandikwa 36. Hakuna njia 00. Namba zilizo chini ya kumi hutanguliwa na sifuri, kama 04, ila Marekani huiacha sifuri hiyo wakachora 4 tupu. Redioni kila tarakimu hutajwa peke yake: mbili saba, wala si ishirini na saba.

Lami ni moja, lakini namba ni mbili, kwa sababu unaweza kuijia kutoka pande zote mbili. Tofauti yake ni 18 daima, yaani nyuzi 180. Njia rahisi ya kuipata kichwani: namba ikiwa 18 au chini yake, ongeza 20 kisha toa 2. Ikiwa kubwa zaidi, toa 20 kisha ongeza 2. Kwa hiyo 09 huwa 27, na 22 huwa 04.

Njia mbili zikilala sambamba hupewa herufi: L ni ya kushoto, R ya kulia, na ikiwapo ya tatu katikati huitwa C. Kushoto na kulia ni kwa rubani anayeijia njia, ndiyo maana 09L ya Heathrow, ukiijia kutoka upande wa pili, ni 27R. Zikizidi tatu, herufi hazitoshi, basi baadhi ya njia husogezwa namba moja kwa makusudi. Atlanta ina njia tano sambamba zilizogawiwa 8, 9 na 10 ingawa zote zinaelekea upande uleule. Los Angeles nako kuna jozi ya 24 na jozi ya 25.

Namba hizi huzeeka. Kaskazini ya sumaku huhama polepole, na siku moja usomaji huvuka mpaka wa ukadiriaji. Stansted ya Uingereza ilibadilisha 05/23 kuwa 04/22 mwaka 2009. Rangi ya lami ndiyo kazi ndogo. Vibao, ramani na kumbukumbu za kompyuta za ndege navyo lazima vibadilike siku hiyohiyo. Kaskazini ya mbali ya Kanada, ambako dira ya sumaku haiaminiki, hutumika kaskazini ya kweli, yaani ya Ncha ya Kaskazini yenyewe.

Faida kubwa ya namba ni kujikagua. Ukishajipanga kwenye mstari wa kati, tazama dira: kwenye njia 22 isome karibu na 220. Ikisoma 260, uko kwenye lami isiyo yako, hata kama kila kitu kingine kinaonekana sawa. Alfajiri ya tarehe 27 Agosti 2006 huko Lexington, Marekani, ndege iliyoruhusiwa kuruka kwa njia 22 ilianza mbio kwenye 26, iliyo fupi mno kwake. Watu 49 kati ya 50 walikufa. Ukaguzi huu huchukua sekunde moja, haurukwi.

Namba hukupa pia hesabu ya upepo. Upepo hutajwa kwa upande unakotoka, hivyo upepo wa nyuzi 240 unadai njia iliyo karibu na 24. Kwa upepo wa ubavuni, tafuta tofauti kati ya upepo na njia: nyuzi 30 ni nusu ya kasi ya upepo, 45 ni asilimia 70, na 60 kwenda juu ihesabu yote. Upepo wa 300 kwa noti 20 kwenye njia 27 unakupiga ubavuni kwa noti 10. (Noti ni maili ya baharini kwa saa.) Angalizo: mnara wa kuongozea ndege husoma upepo kwa kaskazini ya sumaku, lakini taarifa za hewa zilizoandikwa hutumia kaskazini ya kweli.

Sasa kutua kwenyewe. Mteremko wa kawaida ni nyuzi 3, takriban futi 300 kwa kila maili ya baharini. Zidisha kasi yako juu ya ardhi kwa 5, utapata futi za kushuka kwa dakika: noti 140 ni futi 700, na ndege ndogo ya noti 65 ni kama 325. Kando ya njia kuna taa nne za kuonyesha mteremko, ziitwazo PAPI. Nyeupe mbili na nyekundu mbili, uko sawasawa. Nyeupe zikizidi uko juu. Nyekundu zote nne, acha kushuka mara moja.

Ndege kubwa inatakiwa iwe imetulia ifikapo futi 1,000 juu ya ardhi ukiwa mawinguni, au 500 kukiwa kweupe: magurudumu chini, flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) tayari, kasi sahihi, injini zikivuta kwa kiasi. Haijatulia? Ghairi, panda, zunguka urudi. Kutua kubaya kwingi kumeshaanza hapa, kabla hata kizingiti cha njia, yaani mwanzo wake, hakijafikiwa.

Jihadhari na macho. Njia nyembamba kuliko uliyoizoea hukufanya udhani uko juu, ukashuka mno. Njia inayopanda mlima hudanganya vilevile. Njia pana hufanya kinyume: unainua pua mapema, ndege inaishiwa kasi ikiwa bado hewani.

Kizingiti huvukwa kwa futi 50 hivi. Hapo hamisha macho kutoka kwenye alama ya shabaha hadi mwisho wa njia, punguza injini, na uinue pua kidogo kidogo. Kwa ndege kubwa ni kwenye futi 20 hadi 30. Ukija na kasi ya ziada, ndege huelea na kula lami. Usiisukume chini. Ndege ndogo ikilazimishwa hivyo hutanguliza gurudumu la pua, hudunda, na kila mdundo huwa mkali kuliko uliotangulia. Ikidunda vibaya, tia nguvu zote uondoke.

Kwa upepo wa ubavuni, ndege huja imeelekeza pua kwenye upepo huku ikisafiri juu ya mstari wa kati. Kabla tu ya kugusa, pedali huinyoosha pua, na bawa la upande wa joshi (upepo unakotoka) hushushwa kidogo ili usisukumwe pembeni. Usilegeze usukani baada ya kugusa, maana upepo bado unataka kuliinua bawa lile.

Lami yenye maji ni jambo jingine kabisa. Tairi huweza kuelea juu ya maji kwa noti zinazokaribia mara 9 ya kipeuo cha pili cha shinikizo lake kwa pauni kwa inchi ya mraba. Tairi ya pauni 36 huelea kuanzia noti 54, na hapo breki hazishiki. Tua kwa uthabiti, usibembeleze.

Usiku, taa za mstari wa kati huhesabu lami iliyobaki: nyekundu na nyeupe zikipokezana, umebakiwa na mita 900 au pungufu, nyekundu tupu, 300. Ukitoka njiani, usimame baada ya mkia kuvuka mstari wa kusubiri. Pua ikivuka huku mkia ukiwa nyuma, njia bado imezibwa kwa anayekufuata.