Kigoma hadi Guangzhou: hesabu ya umbali na muda wa ndege

Juzi mama mmoja anayeuza vitenge Mwanga, hapa Kigoma, alikuja kibandani kwangu na tiketi. "Mwanangu, nikitoa saa ya kuondoka kwenye ile ya kufika, kwenda Guangzhou ni masaa kumi na tano na nusu, kurudi matano na nusu. Kurudi ndege inateremka mlima?" Tukapiga hesabu hivi.

1. Tafuta herufi tatu za kila kiwanja. Kigoma ni TKQ, Dar ni DAR, Guangzhou ni CAN.

2. Fungua tovuti ya Great Circle Mapper, andika TKQ-DAR-CAN, na vipimo viwe vya km. Utapata kama km 1,080, halafu km 8,700. Rula na ramani ya ukutani achana navyo, kwani ramani imetandaza kitu cha mviringo. Bora uzi uliokazwa juu ya tufe la shuleni. Wala usichukue urefu wa reli. Hiyo inazunguka Tabora na Dodoma, inapita km 1,250.

3. Gawa. Jeti kubwa weka km 870 kwa saa, ndege za pangaboi zinazokuja kwetu km 600, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Dar–Guangzhou: masaa 10 na nusu.

4. Saa. Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka mmoja nilimsomea mjomba tiketi ya 01:20 Jumanne, nikamwambia "Jumanne, saa saba usiku". Jumanne jioni akaenda uwanjani na mabegi yake. Ndege ilishaondoka usiku uliopita. Tiketi huanza siku mpya saa sita usiku, sisi mdomoni usiku bado ni wa jana. Kwa hiyo chochote kati ya 00:00 na 05:59, sema "usiku wa kuamkia" siku ile, na mwandikie mtu siku ya kutoka nyumbani.

Pili, kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. China iko mbele yetu masaa matano. Kuondoka Dar 11:30, jumlisha 10 na nusu, ni 22:00 ya kwetu; ongeza 5, ni 03:00 kesho yake kule. Kurudi, 05:00 mpaka 10:30: ongeza matano yaliyofichwa, unarudi kwenye 10 na nusu ileile. Hakuna mlima. (Kigoma na Dar saa ni moja, ingawa magharibi yetu huadhiniwa zaidi ya nusu saa baada ya yao. Jua lisikuchanganye.)

5. Kama tiketi ya Kigoma–Dar umekata peke yake, si pamoja na ya Guangzhou, lala Dar usiku mmoja. Usibishane na hili.

Nyuma ya tiketi nikamwandikia kwa kalamu: kurudi, usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane uwe uwanjani.

"Saa nane ya kwetu au ya Wachina?"

"Ya Wachina, mama. Huku itakuwa Alhamisi saa tatu usiku."