Namna ya Kutafuta na Kuficha Visanduku vya Barua katika Vilima vya Dartmoor

Mwaka 1854, James Perrott, mwongoza wageni wa Chagford, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliweka chupa huko Cranmere Pool, ndani kabisa ya nyika ya Dartmoor, ili wageni waliostahimili safari hiyo waache kadi zao humo. Baadaye ilizoeleka mtembeaji kuacha barua yenye stempu, naye atakayefuata aichukue na kuitia posta. Ndivyo ulivyoanza mchezo wa kutembea nyikani kutafuta visanduku vilivyofichwa na wengine. Visanduku vya leo, ambavyo kwa kawaida ni makopo ya plastiki yaliyofichwa chini ya mawe, huwa na daftari na muhuri wa mpira.

Anayekwenda kutafuta abebe daftari lake, muhuri wake mwenyewe, wino, ramani, na dira ambayo ameshajifunza kuitumia akiwa nyumbani, kwa kuwa ukungu wa Dartmoor hushuka ghafla na ardhi yake ina matope ya kuzamisha miguu. Sehemu ya kaskazini ya nyika hiyo hutumiwa na jeshi kwa mazoezi ya kulenga shabaha. Soma ratiba kabla ya kuondoka, usiingie eneo la mazoezi bendera nyekundu zikiwa zimepandishwa, wala usiguse kipande cha chuma usichokijua.

Fumbo, yaani maelezo mafupi ya mfichaji ya kukufikisha kwenye kisanduku, kwa kawaida hutaja alama mbili au tatu na nyuzi za dira kuelekea kila moja. Tuseme kilele fulani kinatakiwa kuonekana kwenye nyuzi 40, nawe unasoma 46: sogea kulia huku ukikitazama, na nyuzi zitapungua. Kisha geukia alama ya pili ufanye vivyo hivyo, ukikumbuka kuiweka dira mbali na simu na fimbo ya chuma. Kosa la nyuzi 2 tu kwa alama iliyo umbali wa kilomita 1 hukupotosha kwa mita 35 hivi, kwa hiyo alama za mbali zikufikishe kwenye eneo, na ya karibu ikuoneshe jiwe lenyewe.

Ukikipata kisanduku, gonga muhuri wako katika daftari lake, andika tarehe, kisha gonga muhuri wake katika daftari lako. Mvua ikinyesha, fungulia kopo ndani ya koti, maana daftari likilowa halisomeki tena. Kirudishe palepale ulipokitoa, hata kama unaona penye maficho bora zaidi hatua mbili mbele, kwani fumbo haliwezi kukifuata.

Kuficha ni kazi ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ufundi wake umo katika maandishi kuliko katika maficho. Kwanza pata idhini ya mwenye ardhi. Tafuta uwazi wa asili kati ya mawe, usiokusanya maji na usiomlazimu mtu kuparamia jabali. Usichimbe, wala usiguse kuta za kale, makaburi ya mawe au safu za mawe zilizosimamishwa na watu wa Zama za Shaba, ambazo zimejaa Dartmoor. Funga daftari na muhuri katika mifuko miwili kabla ya kuvitia koponi.

Unapoandika fumbo, chagua alama zisizohama na zilizoachana vizuri, kwa sababu alama zinazokaribiana huongeza kosa dogo la dira. Mti wa pekee unaweza kuangushwa na upepo, na kondoo, ingawa ni wengi ajabu kule, hawafai kabisa. Usihesabu hatua pasipo lazima, kwani hatua ya mrefu si ya mfupi. Mpe fumbo rafiki ambaye hakuwepo ulipoficha, umfuate kimya. Atakaposita, hapo ndipo sentensi yako ina kasoro. Baada ya hapo kitembelee kisanduku mara kwa mara ubadilishe daftari lililojaa, na ukichoka kukitunza, kiondoe mlimani na ulifute fumbo lake.